Al-Maqrizi na Kuadimika kwa Dirhamu

Wengi hudhani kwamba sarafu ya fedha kadiri inavyokuwa kongwe ndivyo inavyokuwa adimu. Kitabu kidogo cha Sheikh Taqiyyud-Din al-Maqrizi, Ighathat al-Umma, alichokiandika Cairo mwaka 808 Hijria (1405), kinaivunja dhana hiyo. Tunaona kinastahiki kusomwa, na pia kupimwa.

Misri ilikuwa imefikwa na njaa kubwa tangu mwaka 806. Mwandishi alikuwa ameshika kazi ya muhtasib wa Cairo, yaani msimamizi wa masoko na mizani, kwa hiyo alizijua bei kwa macho yake. Hakutosheka kusema kuwa maji ya Nile yalipungua. Aliitazama pesa yenyewe. Anaeleza kuwa dirhamu zilitoweka kwa mambo mawili: zilikoma kupigwa chapa, na zile zilizobaki mikononi mwa watu ziliyeyushwa zikafanywa mapambo. Nafasi yake ilishikwa na fulusi za shaba, ambazo Mahmud ibn Ali, msimamizi wa mali wa Sultani Barquq, alizipiga kwa wingi kwa shaba iliyoagizwa kutoka nchi za Wafaranji.

Sarafu zenyewe zinamshuhudia. Dirhamu za Sultani Baybars (658–676 Hijria), zenye picha ya simba, zimezitangulia zile za Sultani Faraj ibn Barquq (801–815) kwa zaidi ya miaka 120. Hata hivyo, leo za Baybars ndizo zinazopatikana zaidi, na za Faraj ni haba. Basi uhaba hauletwi na umri. Huletwa na hesabu mbili: ngapi zilipigwa chapa, na ngapi ziliokoka tanuru la sonara. Tena mtu mwenye sarafu njema na sarafu hafifu hulipa kwa hafifu na kuificha njema.

Hapo tunamkubali Sheikh. Tunapotofautiana naye ni pale anapoutupa karibu mzigo wote juu ya watawala na uroho wao. Dhulma ilikuwapo, na kuisema kwake waziwazi ni ushujaa. Lakini katika miaka hiyohiyo fedha ilipungua hata Ulaya, kwa kuwa migodi yake ilikuwa ikitoa kidogo. Sultani mwadilifu naye angepata taabu ya kuijaza nyumba ya kupigia sarafu. Vilevile tauni ya mwaka 749 (1348) iliangamiza wakulima na mafundi wengi, na athari yake ilidumu muda mrefu. Pamoja na hayo, hoja yake kuwa fedha inaweza kurudi ilithibiti angali hai: mwaka 818 (1415) Sultani al-Mu'ayyad Shaykh alitoa sarafu mpya ya fedha, iliyoitwa kwa jina lake, mu'ayyadi.

Linabaki jambo ambalo kitabu cha historia hakikukusudia kulijibu, nalo linamgusa kila mwenye dirhamu ya kale sandukuni. Je, uadimu wake unaihalalishia ziada? Mtume (S.A.W.) alimkataza Sahaba aliyebadilisha tende za Khaybar, pishi moja ya nzuri kwa pishi mbili za duni. Akamwelekeza auze zile duni kwa dirhamu, kisha anunue nzuri. Kwa mwongozo huo, jumuhuri ya wanazuoni hawauhesabu ubora katika kubadilishana fedha kwa fedha. Dirhamu adimu ya Faraj haibadilishwi kwa dirhamu mbili za Baybars kwa kisingizio cha uhaba, kwani hiyo ni riba. Auzaye na aiuze kwa shilingi, kwa bei yoyote waliyoridhiana. Lakini malipo yawe mkono kwa mkono, wala isiuzwe kwa mkopo, kwa kuwa Baraza la Fiq-hi la Kiislamu katika kikao chake cha Amman mwaka 1986 liliamua kuwa noti zina hukumu za dhahabu na fedha katika riba na zaka.

Kwa hiyo tunawanasihi wanafunzi wakisome kitabu hiki pamoja na mlango wa sarfu katika vitabu vya fiq-hi. Cha kwanza kitawafahamisha kwa nini sarafu imeadimika, na cha pili namna ya kuiuza bila ya kuingia katika haramu.

Wallahu a'lam.