Jicho la mthamini wa almasi

Shaba ya Katanga, nchini Kongo, haisumbui sana karani wa forodha. Mawe yake na makinikia huandikwa namba ya forodha 2603. Ikishasafishwa ikawa bamba la kathodi, inahamia 7403. Maabara hupima, ubishi unaisha.

Kisangani biashara ni almasi, na hapo maabara haisaidii. Almasi ghafi ina namba tatu: 7102.10 kwa mawe ambayo hayajachambuliwa, 7102.21 ya viwandani, 7102.31 ya vito. Yote ni kaboni ileile. Anayeyatenganisha ni mthamini, awe wa kontwari, yaani nyumba ya kununulia almasi, au wa CEEC, kituo cha serikali cha kuthamini na kuthibitisha madini ya thamani.

Vifaa vyake ni vichache: karatasi nyeupe, kibano, lenzi ya kukuza mara kumi, mizani ya karati. Gramu moja ni karati tano, kwa hiyo hata vumbi lina uzito wa kuandikwa. Wathamini wa Antwerp, Ubelgiji, walizoea dirisha linalotazama kaskazini ili jua lisiwapige machoni. Kisangani iko karibu kabisa na ikweta, na jua huzunguka pande zote mbili kwa mwaka. Ni juu yako kuujua mwanga wako.

Kwanza anatazama umbo. Jiwe zima la pande nane hukatwa katikati likatoa vito viwili. Kisha anatafuta nyufa. Kazi ngumu ni gamba: jiwe la kijani au lenye ukungu linaweza kuwa jeupe safi ndani, au lisiwe. Hulizungusha taratibu mpaka apate sehemu laini usoni, achungulie humo. Hana haraka hata kidogo, na mwenye mali asubiri tu.

Mpaka wenyewe kati ya vito na mawe ya viwandani unahama. Mafundi wa Surat, India, walipoanza kukata vijiwe duni kwa faida, mawe yaliyokuwa ya kusagwa kwa ajili ya misumeno yakawa vito. Jiwe halikubadilika hata chembe, namba ilibadilika.

Mwezi Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana siku sita ndani ya Kisangani, na almasi haikukosekana katika ugomvi wao. Tangu 2003, cheti cha Kimberley, cha kuzuia almasi za vita, hutaja namba ya forodha pamoja na karati na thamani kwa dola. Kifurushi hufungwa kwa lakiri. Kikifika Antwerp, wataalamu wa Diamond Office hukifungua na kuyakagua mawe upya.