Tindiga: Jina la Kinamasi Lililovishwa Watu

Katika Kiswahili, tindiga ni ardhi ya majimaji na nyasi, yaani kinamasi. Afikaye Mang'ola, wilayani Karatu, hahitaji kamusi kulielewa: kando ya Ziwa Eyasi, katika nchi kavu yenye magadi, chemchemi hububujika, nyasi zikastawi, na maji yake leo hunywesha mashamba ya vitunguu. Wawindaji waliokaa jirani na chemchemi wakaitwa na wageni Watindiga, na lugha yao Kitindiga.

Hadi hapo hatuna ugomvi. Matata yalianza neno lilipoingia vitabuni. Erich Obst aliandika Wakindiga mwaka 1912. Dorothea Bleek akaandika Watindega mwaka 1931, ingawa yeye, na tumpe haki yake, alitanguliza Hadzapi. Ludwig Kohl-Larsen akashika Tindiga mwaka 1958. Msomaji asiye mwangalifu angedhani ni makabila matatu!

Wenyewe hujiita Hadza, maana yake mtu. Wakiwa wengi, Hadzabe. Hapa lawama inatuangukia sisi waandishi wa Kiswahili. Tusemapo Wahadzabe tunaweka wingi mbele na nyuma ya neno moja, kisha tunalazimika kumwita mtu mmoja Mhadzabe, yaani mmoja aliye wengi. Mhadza, Wahadza na Kihadza yatosha.

Liko kosa jingine, zito zaidi: kudhani kwamba lugha zinazoshiriki neno ni ndugu. Mang'ola Kihadza kimepakana na Kiiraqw, Kidatoga na Kiisanzu, na majirani huazimana. Tatu kwa Kihadza ni samaka, neno lililotoka Kidatoga. Wakalenjin, walio jamaa wa Wadatoga kwa lugha, husema somok. Botano, yaani tano, limetoka Kisukuma. Hata hivyo hakuna aliyekiita Kihadza lugha ya Kiniloti au ya Kibantu kwa ajili ya hesabu hizo. Lakini kwa ajili ya sauti za vidoko, pamoja na maneno machache yanayofanana, Joseph Greenberg alikiweka mwaka 1963 katika ukoo mmoja na Kisandawe na lugha za kusini mwa Afrika. Uchunguzi wa Bonny Sands wa mwaka 1998 haukuona ushahidi wa kutosha, na wataalamu wengi sasa hukihesabu Kihadza kuwa lugha isiyo na ndugu ajulikanaye, kama Kibaski kule Ulaya.

Kwa hiyo twapendekeza kamusi zetu zimwelekeze atafutaye Kitindiga kwenye Kihadza, na neno tindiga lirudishiwe matope yake.