Namna Naamani Alivyokuwa Jemadari

Katika Biblia ya Kiswahili ijulikanayo kwa jina la Union Version, iliyotolewa mwaka 1952 na British and Foreign Bible Society ya London, Naamani, yule mkuu wa majeshi ya Shamu aliyepatwa na ukoma, anaitwa jemadari. Na neno hilo, ambalo msomaji hulipita bila kusita, naliona kuwa ni kazi ya ustadi mkubwa.

Kiebrania kilimwita mkuu wa jeshi, na Biblia ya Kiarabu ya Van Dyck raisi wa jeshi. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 ilimwita kapteni, neno lenye asili ya Kilatini ya kichwa. Lakini cheo hicho kimeshuka tangu zama zile, hata leo kapteni wa Kiingereza yuko chini ya meja, na lau wafasiri wangalifuata sauti, Naamani angaliteremshwa cheo mbele ya macho yetu.

Tulitazame basi jemadari. Ni jamaa, lile lile la jamaa zetu, likiungana na dar ya Kiajemi, yaani mwenye kushika: mshika kundi. Katika jeshi la Kihindi chini ya Waingereza, jemadari alikuwa afisa wa Kihindi wa daraja ya chini kabisa, na juu yake alikaa Mwingereza, ajapokuwa kijana asiyeota ndevu. Aliyezoea daftari za India Office, wizara ya zamani ya mambo ya India, hapa London angalistaajabu kumwona Naamani amepewa cheo hicho.

Walakini pwani yetu ililizoea neno hili kwa Mabulushi, askari wa ujira wa Maseyidi wa Unguja. Burton, msafiri Mwingereza aliyekuwa afisa wa jeshi la Bombay, alipoelekea bara mwaka 1857, walinzi wake Mabulushi waliongozwa na jemadari. Nako Mombasa, jemadari ndiye aliyekuwa na amri ya Ngome, na mwananchi aliyepita langoni hakumjua mkubwa juu yake ila liwali na Seyyid mwenyewe. Hapo ndipo neno lilipopanda; cheo hujulikana kwa aliye juu yake.

Huko India likazidi kushuka: mwaka 1965 jeshi lililiacha, na mitaani likawa jina la mfagiaji.

Na katika kisa cha Naamani, yule kijakazi aliyemweleza bibi yake habari za nabii wa Samaria, kwa Kiswahili alikuwa akimtumikia mke wa jemadari, wala hakuna mtu wa Mombasa anayehitaji kuelezwa ukubwa wa nyumba ile.