Herufi Mbili Kwenye Kona ya Mshahara: Kodi Iliyozidi Uingereza na Njia ya Kuidai

Wahudumu wawili wa wazee wanaanza kazi siku moja, mwanzoni mwa Oktoba, katika nyumba moja ya kulelea wazee nchini Uingereza. Mshahara wao ni sawa, pauni 2,000 kwa mwezi. Mwisho wa mwezi mmoja hajakatwa hata peni ya kodi ya mapato, mwenzake amekatwa pauni 400. Hakuna aliyeiba, wala mwajiri hakupendelea. Tofauti yao imeandikwa kwenye kona ya hati ya mshahara, pale ambapo wengi hatutupi jicho kwa sababu tunakimbilia jumla ya chini: wa kwanza ana 1257L, wa pili ana BR.

Wahudumu hawa nimewatunga ili hesabu ifuatike, lakini viwango nitakavyovitumia ni vya sheria. Waswahili wengi wanaofanya kazi Uingereza, wakiwemo wauguzi, walezi na vibarua wa maghala, huanza kazi katikati ya mwaka au hushika kazi mbili. Hao ndio wanaoangukia kwenye pengo hili kwa urahisi.

Msimbo unasema nini

Msimbo wa kodi ni agizo ambalo mamlaka ya mapato ya Uingereza, HMRC, humpa mwajiri kumweleza akate namna gani. Tarakimu 1257 ukiziongezea sufuri moja unapata pauni 12,570, kiasi ambacho mtu anaruhusiwa kupata kwa mwaka bila kukatwa kodi. Herufi L inaonyesha kwamba unastahili msamaha huo wa kawaida. Kinachozidi hapo hukatwa asilimia 20, hadi mapato yafike pauni 50,270. Ukiona S mbele ya msimbo, unatozwa kwa viwango vya Scotland, na C ni ya Wales.

BR haina msamaha huo. Kila pauni, kuanzia ya kwanza, inakatwa asilimia 20. 0T nayo haikupi hata pauni moja ya msamaha. Halafu kuna alama za mwishoni, W1, M1 au X, ambazo ni rahisi kupitwa na macho. Hizo zinamwambia mwajiri ahesabu kila malipo peke yake, asitazame miezi iliyopita.

Mwaka mzima ndani ya kila mwezi

Alama hizo za mwishoni ndizo zinazofungua fumbo lote. Kwetu PAYE, kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara, tunaijua kwa mwezi. Tanzania, mshahara usiozidi shilingi 270,000 kwa mwezi haukatwi. Kenya, kila mwezi unapunguziwa kodi ya shilingi 2,400. Mwezi ukiisha, umeisha.

Uingereza ilijenga PAYE yake mwaka 1944, Vita vya Pili vya Dunia vikiendelea, juu ya msingi mwingine. Kodi ni ya mwaka, kuanzia tarehe 6 Aprili hadi 5 Aprili, na kila siku ya mshahara mwajiri hujumlisha upya: umelipwa kiasi gani tangu Aprili, msamaha wako umefika wapi, umekwisha katwa ngapi. Msamaha huongezeka kwa pauni 1,047.50 kila mwezi hata kama hukuwa kazini.

Sasa turudi kwa wahudumu wetu. Mwezi wa Oktoba unapofika mwisho, mfumo uko kwenye mwezi wa saba wa mwaka wa kodi. Msamaha uliokwisha jikusanya ni pauni 7,332.50, na mshahara uliolipwa ni 2,000 tu. Mwenye 1257L hadaiwi kitu. Hadi mwisho wa Machi atakuwa amelipwa mara sita, jumla pauni 12,000, bado chini ya 12,570. Kodi yake ya mwaka huo wote ni sufuri.

Mwenye BR, kwa mshahara uleule, atakuwa amekatwa pauni 400 mara sita, yaani 2,400. Angekuwa na 1257L M1, angekatwa pauni 190.50 kila mwezi, jumla 1,143, kwa sababu M1 inaifuta miezi ile ya Aprili hadi Septemba ambayo msamaha wake ulikuwa unamngoja. Katika hali zote mbili kiasi kilichokatwa ni chake chote. Hiyo ni karo ya watoto, au bati za nyumba ya mama, inayolala mahali isipostahili kulala.

Kosa lilianzia wapi

Mara nyingi linaanzia kwenye fomu ya mfanyakazi mpya. Fomu hiyo ina kauli tatu. A inasema hii ni kazi yako ya kwanza tangu 6 Aprili. B inasema hii ndiyo kazi yako pekee sasa, ila ulikuwa na nyingine mwaka huohuo wa kodi. C inasema una kazi nyingine au pensheni. Ukichagua A unapewa 1257L, B inaleta 1257L pamoja na W1 au M1, na C inaleta BR. Usipoijaza kabisa, mwajiri analazimika kutumia 0T, na kwa mshahara wa pauni 2,000 makato yake ni zile zile 400. Mhudumu wetu wa pili alitia alama kwenye C akifikiria kazi aliyoiacha Nairobi.

Namna ya kurekebisha

Akigundua kabla ya tarehe 5 Aprili, njia ni fupi. Anafungua akaunti yake binafsi ya kodi kwenye tovuti ya gov.uk, anatazama kazi zilizoorodheshwa na makisio ya mapato, na kuwaeleza HMRC ukweli. Nao humtumia mwajiri msimbo mpya. Tuseme umefika kabla ya mshahara wa Januari. Mwajiri anajumlisha upya: amelipwa 8,000, msamaha umefika 10,475, kodi inayodaiwa ni sufuri. Zile pauni 1,200 zilizokatwa Oktoba hadi Desemba zinarudi ndani ya mshahara huohuo wa Januari, bila kuandika barua ya madai.

Mchango wa bima ya taifa haurudi kwa njia hii. Wenyewe huhesabiwa kwa kila malipo peke yake, kwa hiyo mstari huo kwenye hati usiuchanganye na kodi.

Mwenye kazi mbili ana hesabu nyingine. BR kwenye kazi ya pili ni sahihi, mradi ya kwanza imeumaliza msamaha. Lakini tuseme ya kwanza inalipa pauni 8,400 kwa mwaka na ya pili 9,600. Msamaha wa pauni 4,170 unabaki bila kutumika kwenye ile ya kwanza, huku ya pili ikikatwa yote. Kilichozidi ni asilimia 20 ya hizo 4,170, yaani pauni 834. Dawa yake ni kuomba HMRC iugawe msamaha kati ya kazi hizo mbili.

Mwaka ukishafungwa, unachohitaji ni P60, hati ya mapato na makato yako ya mwaka mzima, ambayo mwajiri lazima akupe kabla ya Mei kuisha, au P45 kama uliacha kazi. HMRC hutuma barua ya hesabu iitwayo P800 kuanzia Juni kwa wale iliogundua kwamba walilipa zaidi au pungufu. Usiposikia kitu na hesabu yako inaonyesha umezidisha, dai mwenyewe. Aliyeondoka Uingereza anajaza fomu ya P85. Muuguzi anayefua sare zake mwenyewe aongeze na dai la pauni 125 za gharama kwa mwaka, linalompunguzia kodi ya pauni 25. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari lenyewe hapa ni karatasi hizo.

Kudai ni bure. Zipo kampuni zinazojitolea kukudaia kisha zikamega sehemu kubwa, na nyingine ziliwafanya watu watie saini ya kuzikabidhi rejesho lote. Sheria imeyafuta makabidhiano ya namna hiyo tangu 15 Machi 2023. HMRC pia haiombi namba za benki kwa ujumbe wa simu, kwa hiyo anayeziomba ni tapeli. Na ukiona msimbo unakupendelea isivyo haki, kwa mfano 1257L kwenye kazi zote mbili, toa taarifa mapema. La sivyo kodi iliyopungua itakuwa deni litakalokatwa baadaye, na litauma zaidi.

Madai yana mwisho wake, miaka minne tangu mwaka wa kodi ulipofungwa. Aliyekatwa zaidi katika mwaka ulioishia 5 Aprili 2023 ana haki ya pesa zake hadi 5 Aprili 2027. Kesho yake asubuhi ni za hazina ya Uingereza.