Usimba, Uyanga na Majina Yasiyoambikika: Tathmini ya Majina ya Timu za Soka Afrika Mashariki

Mjadala kuhusu majina ya timu za soka katika Afrika Mashariki umezoea kuegemea swali moja: je, jina ni la Kiswahili au la kigeni? Kwa kipimo hicho, Simba ni jina zuri na Young Africans ni baya. Majimaji ni la kujivunia na Coastal Union ni masalia ya ukoloni. Kipimo hicho ni chepesi, na pengine wepesi huo ndio unaokifanya kipendwe. Hata hivyo, kinashindwa kueleza jambo lililo wazi kwa kila msemaji wa Kiswahili nchini Tanzania: Yanga, jina lenye asili ya Kiingereza, limezama katika lugha kwa kina kilekile cha Simba, ilhali yapo majina ya Kiswahili yasiyosikika popote nje ya ratiba ya ligi. Makala hii inadai kwamba uzuri wa jina la timu haumo katika asili yake wala katika maana aliyoikusudia mwanzilishi, bali katika kazi ambayo wasemaji wanaweza kuifanya kwa jina hilo: kuliambika viambishi, kulipatanisha, kulifupisha na kulitania.

Ushahidi mkuu ni msemo “Usimba na Uyanga”. Msemo huu hutumika viwanjani, lakini hutumika zaidi nje ya viwanja. Mwanasiasa anayeonya dhidi ya makundi ndani ya chama, au mwenyekiti wa mtaa anayesuluhisha ugomvi wa kisima, huwaambia wasikilizaji wake waache Usimba na Uyanga, naye hahitaji kufafanua. Kimofolojia, kiambishi u- kimefanya hapa kazi yake ya kawaida ya kuunda nomino dhahania, kama katika utaifa au udini. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba kimekubali kujiambika kwenye majina ya pekee, tena moja likiwa la mkopo. Ni nadra kwa jina la klabu kupata hadhi hiyo.

Kwa nini majina hayo mawili? Jibu la haraka ni umaarufu wa klabu zenyewe, nalo lina uzito. Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, na kwa miongo mingi hakuna ushindani mwingine wa michezo nchini uliogawanya nyumba, ofisi na vijiwe kwa kiwango hicho. Lakini umaarufu hautoshi. Azam ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara msimu wa 2013/14 bila kupoteza mchezo, na hakuna anayeonya dhidi ya “Uazam”. Coastal Union ya Tanga ni klabu kongwe iliyochukua ubingwa mwaka 1988. “Ucoastal” hautamkiki wala hauandikiki. Umbo la jina, basi, lina sehemu yake.

Simba na Yanga ni majina ya silabi mbili, kila moja likiishia kwa silabi yenye king’ong’o kilichounganishwa na kipasuo na kufuatiwa na irabu a: si-mba, ya-nga. Mkazo unaangukia silabi ya pili kutoka mwisho bila kulazimishwa. Pamba ya Mwanza ina umbo hilohilo, na si ajabu kwamba ni miongoni mwa majina ya mikoani yanayotamkika kwa raha kuliko mengi. “Azam” linafungwa kwa konsonanti. “Coastal” lina mfuatano wa konsonanti ambao ulimi wa Mswahili huutafutia irabu ya kuutenganisha. Fonolojia haiandiki historia, lakini humwacha mlango wazi anayekuja kuiandika.

Hapa historia ya majina hayo mawili inasaidia. Simba iliwahi kuitwa Queens, kisha Eagles, kisha Sunderland, jina la mji wa Uingereza na klabu yake. Mwaka 1971, katika miaka iliyofuata Azimio la Arusha, jina hilo la mwisho likaachwa na klabu ikaitwa Simba. Yanga haikubadili chochote rasmi. Hadi leo nyaraka zake zinasema Young Africans. Mabadiliko yake yalifanywa na vinywa vya mashabiki, waliolikata jina, wakaliongezea irabu ya mwisho na kulitia katika mdundo wa Kiswahili. Klabu moja ilibadilishwa jina kwa uamuzi, nyingine kwa utohozi, na matokeo yakawa sawa. Wanaotaka majina yote ya kigeni yafutwe kwa azimio wanausahau mfano huu wa pili.

Utohozi huo uliua maana. Anayesikia “Yanga” hafikirii vijana wala Waafrika. John Stuart Mill, katika kitabu chake cha mantiki cha mwaka 1843, alishikilia kwamba jina la pekee hutaja tu bila kueleza: mji wa Dartmouth ungebaki Dartmouth hata mto Dart ukihamisha mdomo wake. Yanga ingekuwa mfano wake mzuri, kama lakabu isingeingilia kati. Mashabiki waliiita timu yao “Wananchi”, na kwa neno hilo wakarudisha, kwa Kiswahili na kwa ngeli ya watu, kile kilichopotea katika “Africans”. Jina la pekee linaweza kuwa tupu. Jumuiya inayolitumia haipendi utupu huo, na huujaza.

Upatanisho wa kisarufi unaonyesha jambo hilohilo kwa upande wa Simba. Kila jina la klabu hupokea upatanisho wa i-, kwa kuwa nyuma yake kuna neno timu au klabu: Simba imeshinda, Coastal imefungwa. Wachezaji wanapofikiriwa kama kundi, wa- hujitokeza: Simba wameshinda. Lakini Simba ina mlango wa tatu, ule wa a-, ambao Kagera Sugar haina. Mnyama anaunguruma, ananyatia, anararua. Vichwa vya habari vya magazeti ya michezo vimeishi kwa vitenzi hivyo. Hata neno “mwanasimba” lina uzito maradufu: ni shabiki, na ni mtoto wa simba. Utajiri huo una gharama, kwa sababu mlango uleule unampokea mtani. Simba akifungwa huweza kugeuzwa paka, na mashabiki wa Yanga waliwaita wenzao “Mikia”. Mwenye kuchagua jina la mnyama amechagua na mkia wake. Hilo si kasoro. Katika utamaduni wenye utani wa makabila, wa mabinamu na wa babu na wajukuu, jina lisilotanika ni jina ambalo halijapata ndugu.

Majina ya viwanda, taasisi na halmashauri ndiyo yanayofeli hapa: Mtibwa Sugar, Kagera Sugar, KMC, Tanzania Prisons. Haya yanataja mwenye mali. Hata hivyo wasemaji hawakukubali kushindwa, na lakabu zao ni uhakiki mkali kuliko wowote ulioandikwa. Mtibwa wakawa Wakata Miwa. Sukari ya kiwandani ikarudishwa shambani, kwa mtu mwenye panga. Prisons wakawa Wajelajela. Azam, jina la kampuni, wakawa Wanalambalamba, kutokana na barafu tamu zinazouzwa mitaani na watoto huzijua kwa jina hilo. Coastal Union wakawa Wagosi wa Kaya, lakabu iliyochotwa katika lugha za mkoa wa Tanga. Pale jina rasmi lilipokataa kuambikwa, mashabiki walitunga lingine lenye wa-. Inafaa pia kukiri kwamba kipimo cha u- hakifanyi kazi kama mashine: Majimaji ya Songea, jina lililobeba vita vya 1905 hadi 1907, haliwezi kupata kiambishi hicho kwa sababu “umajimaji” tayari ni neno la unyevunyevu. Mashabiki wake wanaitwa Wanalizombe, kutokana na ngoma ya Wangoni.

Kenya inatoa kisa cha jina lililoshambuliwa na dola. Serikali ilipopiga marufuku majina ya kikabila mwaka 1980, Abaluhya Football Club ilihifadhi herufi zake na kubadilisha maneno: AFC ikawa All Footballers Confederation, na klabu ikaitwa AFC Leopards. Ni mbinu ya kijanja kiisimu. Kiashiria kilibaki, kiashiriwa kikabadilishwa. Lakini hakuna shabiki anayeimba kuhusu shirikisho la wanasoka wote. Anaimba “Ingwe”, yaani chui kwa Kiluhya. Gor Mahia ilinusurika kwa sababu jina lake lilikuwa la mtu, mganga mashuhuri katika masimulizi ya Wajaluo, wala halikutaja kabila. Maana ya kikabila ilikuwamo kwa anayejua, na haikuwamo kwa karani.

Timu za taifa zinastahili lawama zaidi, kwa kuwa hazina kisingizio cha mdhamini. Taifa Stars na Harambee Stars husifiwa kwa kuwa na neno la Kiswahili. Tatizo liko katika muundo: kivumishi kimetangulia nomino kwa mpangilio wa Kiingereza, na neno kuu ni la Kiingereza. Matokeo yake yanaonekana katika ufupisho wa magazeti: “Stars yafungwa”. Kinachodondoka ni taifa. Warundi wana Intamba mu Rugamba, mbayuwayu walio vitani, na Wanyarwanda wana Amavubi, manyigu. Hayo ni majina yaliyofikiriwa ndani ya lugha zao. Majina ya timu za wanawake ni dhaifu vivyo hivyo. Simba Queens na Yanga Princess yanawapa wachezaji vyeo vya kasri la kigeni, wakati wenzao wa kiume hawakuitwa wafalme. (Kwamba Queens lilikuwa jina la kwanza la klabu ya wanaume ni kejeli ya historia.) Twiga Stars, pamoja na mkia wake wa Kiingereza, angalau lina mnyama anayeweza kukimbia.

Kinachotia wasiwasi leo si Kiingereza bali kasi. Ihefu ni ardhioevu katika bonde la Usangu, wilayani Mbarali, na ilikuwa jina la timu iliyopanda hadi Ligi Kuu. Mwaka 2024 timu ilihamia Singida na kuitwa Singida Black Stars. Nyota nyeusi ya Ghana imo katikati ya bendera ya nchi hiyo, na timu yake ya taifa inaitwa kwa nyota hiyo. Ya Singida haina bendera wala hadithi. Katika mfano wa Mill mto unahama na jina linabaki. Hapa jina limeondolewa, na maji ya Ihefu yako palepale Mbarali.