Mafunzo ya Walimu wa Historia: Mbinu Tumepewa, Mizani ya Habari Je?

Mwalimu wa historia wa Moshi anayejiunga leo na Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yale yanayofahamika kwa jina la MEWAKA, anaingia katika jambo la kheri. Utaratibu wake ni mwepesi: walimu wa shule hukutana katika Jumuiya ya Ujifunzaji, wakaambizana yaliyowatatiza darasani, na wazoefu wakawasaidia wachanga. Haja yake imezidi tangu mtaala ulioboreshwa ulipoanza kutumika mwaka 2024 na kuleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Kwa hiyo hatuna ugomvi na mafunzo yenyewe, na mwalimu anayeyakwepa kwa kisingizio cha uchovu tunamwambia ajiunge.

Ugomvi wetu ni na kile kinachozungumzwa humo. Mazungumzo huelemea mno kwenye mbinu: wanafunzi wakae vikundi vingapi, zana itengenezwe kwa nini, andalio la somo lijazwe vipi. Yote hayo yana nafasi yake. Lakini historia ni habari, na habari kabla ya kufundishwa vizuri yapasa kwanza ithibiti. Mwalimu wa hesabu hana haja ya kuuliza ni nani aliyesimulia kwamba saba mara nane ni hamsini na sita. Mwalimu wa historia asipouliza swali hilo, kazi yake yote ni kupamba uvumi.

Hebu tutazame mfano ulio mlangoni petu. Mangi Meli wa Moshi aliwashinda Wajerumani Juni 1892, katika vita vilivyomuua kamanda wao von Bülow. Agosti 1893 wakarudi na nguvu kubwa zaidi chini ya von Schele wakamshinda. Tarehe 2 Machi 1900 wakamnyonga huko Old Moshi pamoja na viongozi wengine, kwa tuhuma ya kula njama dhidi ya utawala wao. Hadi hapo wasimulizi hawahitilafiani sana. Swali ni nani aliyemchongea. Masimulizi yanamtaja Mangi Marealle wa Marangu, na mwalimu mwenye haraka huliandika jina hilo ubaoni kama anavyoandika tarehe.

Hapa ndipo elimu ya fiqhi ingemsaidia. Imam al-Qarafi, faqihi wa Kimaliki aliyefariki Misri mwaka 684 Hijria (1285), anakifungua kitabu chake al-Furuq kwa kutenganisha riwaya na shahada. Zote mbili ni habari. Ila riwaya haimlengi mtu maalumu, hukumu yake ni ya watu wote, na ndiyo maana mpokezi mmoja mwadilifu hutosha. Shahada inamgusa mtu maalumu. Hapo huhofiwa uadui uliojificha, basi ikashurutishwa idadi ya mashahidi.

Kwa kipimo hicho, tarehe ya vita iko karibu na riwaya. Kumwita mtu msaliti ni karibu na shahada, tena juu ya marehemu asiyeweza kujibu, na pengine mbele ya watoto wa ukoo wake walioketi dawati la mbele. Je, ushahidi wake umepimwa? Maofisa wa Kijerumani walikuwa na sababu ya kumtwisha mtu mwingine mzigo wa damu waliyoimwaga wao. Watu wa Old Moshi wana uchungu wao, na watu wa Marangu wana heshima yao ya kulinda. Kathleen Stahl, ambaye historia yake ya Wachaga ilitoka mwaka 1964, aliyategemea maandishi ya Nathaniel Mtui, naye Mtui ni mtu wa Marangu. Hatusemi kwamba Marealle hakufanya. Tunasema mwanafunzi ana haki ya kujua habari hii imepita mikononi mwa nani, na kila mmoja alikuwa na maslahi gani.

Wala mizani hii si nadharia tupu. Katika karne ya tano Hijria, mjini Baghdad, ililetwa hati iliyodaiwa kuwa ya Mtume (s.a.w.) ya kuwasamehe Mayahudi wa Khaybar jizya. Al-Khatib al-Baghdadi akaitazama, akasema ni ya kughushi: imeshuhudiwa na Muawiya, aliyesilimu mwaka wa 8 Makka ilipofunguliwa, na Saad bin Muadh, aliyefariki mwaka wa 5, ilhali Khaybar ilitekwa mwaka wa 7. Hakuhitaji bango kitita wala projekta.

Na sisi Waislamu tusijipendelee. Tunalalamika, na tuna haki, kwamba watoto hufundishwa kuwa Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro Mei 1848, akasahauliwa Bwana Kheri, Mswahili aliyeuongoza msafara wake. Lakini tunapoueleza mchango wa wazee wetu wa Moshi katika TANU, wengi wetu husema "wazee wanasema" tukaishia hapo. Susan Geiger, mtafiti Mmarekani, katika kitabu chake cha mwaka 1997 juu ya wanawake wa TANU, alimhoji Halima Selengia Kinabo wa Moshi na kumtaja kwa jina. Hiyo ndiyo isnadi, hata kama mwenyewe hakuiita hivyo.

Tunachowaomba walimu wa historia wa Moshi, Hai na Rombo ni kidogo. Katika kikao kimoja cha Jumuiya yao, kila mwalimu aje na habari moja ya hapa hapa pamoja na silsila ya waliosimulia. Waanze na kichwa cha Meli. Watoto huambiwa kipo Ujerumani kana kwamba msemaji amekishika. Septemba 2023 makumbusho ya Berlin yalitangaza kuwa, kwa vipimo vya vinasaba, mafuvu matatu yamelinganishwa na ndugu walio hai Tanzania. La Meli halikuwa miongoni mwa hayo. Kwamba kichwa chake kilikatwa kikachukuliwa, ukoo wake unasimulia, na masimulizi yao yana uzito. Kilipo, mwalimu hana mpokezi wa kumtaja.