Swali Moja, Ubao Mzima

Katika shule za msingi za Japani kipindi huwa cha dakika 45, na mara nyingi kipindi kizima cha hesabu huishia kwenye swali moja. Watoto wa darasa la nne, kwa mfano, hupewa mstatili wa sentimita 8 kwa 6 uliomegwa pembe ya juu kulia, kipande cha 3 kwa 3, ukabaki na sura ya herufi L. Eneo lake ni ngapi? Mwalimu haonyeshi njia.

Kazi yake ilianza siku nyingi kabla. Andalio lake la somo lina safu ya majibu anayoyatarajia, yenye makosa yakiwemo, na kando ya kila jibu ameandika swali atakalomuuliza mtoto.

Watoto wakishainamia madaftari, hupita kati ya madawati na karatasi yenye mpangilio wa viti. Huyu kakata umbo kwa mstari wa wima: 30 na 9. Yule kwa mstari wa mlalo: 15 na 24. Mmoja kajaza pengo, akapata 48, akatoa 9. Mwingine kakikata kipande cha juu, akakihamishia ubavuni mwa cha chini, akapata mstatili mmoja mrefu wa 13 kwa 3. Wote wamefika 39. Mwalimu hasahihishi wala hasifu. Anatia alama ndogo penye jina la kila mmoja. Ukimtazama juu juu utadhani anasimamia mtihani, kumbe anaamua nani aitwe kwanza na nani amfuate.

Kwangu mimi, ufundi wote umo katika mfuatano huo. Wanaanza waliokata na kujumlisha, maana wengi wamepitia hapo. Anafuata aliyetoa. Aliyehamisha kipande atasubiri, hata kama mkono wake uko juu tangu mwanzo. Akitangulia yeye, darasa litashangilia na hakuna atakayetaka tena kusikiliza njia nyingine.

Michoro inabandikwa kwa sumaku kutoka kushoto kwenda kulia, na hesabu chini yake. Hakuna kinachofutwa mpaka kengele, kwa sababu mtoto hawezi kulinganisha asichokiona. Njia ya kutoa anaiandika kwa tarakimu tupu, 8 × 6 − 3 × 3, kisha anawageukia wengine: “Mwenzenu aliona nini?” Mtoto ambaye hakuitumia njia hiyo anakuja kulichora pengo kwa nukta nukta.

“Njia hizi zinafanana wapi?” Kimya. Walimu wengi hukikatisha kimya hiki kwa kujijibu wenyewe. Huyu anangoja, chaki mkononi, mpaka mtoto mmoja aseme kwamba zote zimeligeuza umbo kuwa mistatili. Anayaandika maneno hayo jinsi yalivyotamkwa.

Kisha anauliza ipi nyepesi. Wengi wanachagua ya kuhamisha, kwa kuwa ni kuzidisha mara moja tu. Habishani nao. Anachora umbo la pili, safari hii pengo likiwa na upana wa 3 na kimo cha 2. Kukata kunaleta 42, kutoa pia 42, lakini kuhamisha kunakwama: kipande cha juu kina kimo cha 2, cha chini 4. Macho yanarudi kwenye mchoro wa kwanza. “Kule vilikuwa sawa, 3 na 3!”

Walimu hawa hunolewa na wenzao. Mmoja hufundisha, wengine husimama nyuma ya darasa wakiandika, na baadaye hukaa pamoja kulichambua somo. Kenya, ambako mradi wa SMASSE ulianza mwaka 1998 kuwapiga msasa walimu wa hesabu na sayansi wa sekondari kwa ushirikiano na Japani, ina mlango wa karibu wa kujifunza desturi hiyo. Katika vikao vya namna hii hata tarakimu hujadiliwa kwa kirefu: kwa nini pengo la kwanza liwe 3 kwa 3? Lingeanza lile la pili, njia ya kuhamisha huenda isingezaliwa kabisa, na watoto wasingepata nafasi ya kuipenda kabla ya kuijua mipaka yake.